Pini Nyuma ya Kivuli cha Moyo

Kicheko kilikatika katikati. Mpaka leo nikikaa peke yangu nakisikia: ha-ha-ha, halafu pumzi moja fupi ya kuvutwa ndani, hhik, halafu basi. Kariakoo saa nne asubuhi hakuna kimya. Kuna vipaza sauti vya wauza viatu, kuna mikokoteni, kuna watu wanaopaza "pita, pita, mzigo huo!" Ila mimi nasema kulikuwa kimya, kwa sababu aliyenyamaza ni mamdogo, na mamdogo huwa hanyamazi.

Mamdogo ni mdogo wake mama yangu, tumbo moja. Ndiye aliyenichukua nilipomaliza kidato cha nne na matokeo ambayo nyumbani tunayataja kwa kucheka tu. Akaniweka kwenye fremu yake ya mitandio, nyuma kidogo ya soko kubwa, upana wake ukinyoosha mikono miwili umegusa ukuta huku na huku. Kazi yetu siyo kuuza kitambaa peke yake. Mteja akija tunamvalisha palepale mbele ya kioo, mtindo anaoutaka: wa harusini, wa ofisini, ule wa kuzungusha mara tatu na kuacha mkia begani. Sasa kumvalisha mtu mtandio kunataka mikono miwili. Pini utaziweka wapi? Mdomoni.

Wote tunafanya hivyo. Sikufundishwa na mtu, nilizaliwa nikakuta wanawake wanaongea na pini mdomoni, nami nikaongea na pini mdomoni. Mamdogo alikuwa fundi wa hilo. Alizibana tatu katikati ya meno, midomo haikutani, kwa hiyo herufi nyingine zilimkimbia. "Karibu" alisema "kariu." "Bei poa mpenzi" ikawa "ei oa enzi." Wateja wake wa siku nyingi walimjibu kwa lugha hiyohiyo. "Ngai?" wanamuuliza, yaani ngapi, wakishika mtandio. Naye anacheka na pini zake, hata moja haidondoki.

Siku hiyo alikuwa anamvalisha mdoli wa dirishani. Mimi nilikuwa namwigiza mteja aliyekuwa ametoka kuondoka, dada mmoja aliyejaribu karibu kila mtandio tulio nao, kisha akasema atarudi na mume wake aje amchagulie. Kuigiza watu ndicho kipaji nilichopewa. Wiki ile nilikuwa nimeamua nitakuwa mchekeshaji. Wiki iliyotangulia nilikuwa mbunifu wa mavazi. Nikabinua mdomo, nikajigeuza mbele ya kioo, nikasema kwa sauti yake, "Huu unanifanya nionekane kama nina mawazo."

Mamdogo akacheka. Ndicho kicheko chenyewe.

Halafu akakohoa. Alikohoa mpaka akashika mdoli asianguke, machozi yanamtoka. Pini mbili zilikuwa zimedondoka sakafuni, zile zenye kichwa cha ushanga mweupe. Nikapiga magoti nikaitafuta ya tatu, nikapapasa chini ya kabati, nikakung'uta mitandio, nikamulika kwa simu. Haikuwepo.

"Umeimeza?"

Akaitikia kwa kichwa. Baada ya dakika chache kikohozi kikatulia kabisa. Akakaa kwenye kigoda, akafuta macho kwa ncha ya mtandio, akasema na herufi zake zote zimerudi, "Imepita. Nimeisikia inashuka."

Jirani yetu muuza vyombo, mama mmoja wa kutoka Kilimanjaro ambaye ana sauti ya kuitia watu ng'ambo ya barabara, alikuwa ameshafika mlangoni. "Ndizi! Mpeni ndizi mbivu, na asitafune sana, iisukume hiyo."

"Mama, ni pini, siyo mwiba wa samaki," nikamwambia.

"Tofauti yake nini? Vyote si vinachoma?"

Mamdogo akala ndizi mbili. Ya pili aliila kwa hamu, nadhani hakuwa amekunywa chai. Akanyanyuka amalizie mdoli wake. Mimi ndiye niliyekataa. Shule yangu ni ndogo, lakini moyo wangu ni mwepesi mno; paka akichechemea mtaani mimi silali. Na kicheko kile nilikisababisha mimi. Nikasimamisha bajaji, nikamsukumia ndani, jirani akabaki na fremu.

Tulipokuwa tunapita Mnazi Mmoja bado alikuwa analalamika. "Unanipeleka hospitali na afya yangu hii. Watatucheka." Halafu akakohoa, mara moja tu, kikavu, akageuza uso nje. Kikohozi hicho kimoja kilinitisha kuliko vile vyote vya mwanzo.

Hospitalini, upande wa dharura, alitupokea daktari kijana, mpole, mwenye macho ya mtu ambaye hajakaa tangu alfajiri. Akamsikiliza kifua, mbele na mgongoni. Akauliza, "Amekula chochote?"

"Ndizi mbili," nikasema.

"Kabla ya pini au baada?"

"Baada."

Akaweka kalamu chini. "Nani aliwaambia?"

"Jirani yetu."

"Ni daktari?"

"Anauza masufuria."

Nesi akageukia ukutani, mabega yanamtikisika. Daktari mwenyewe alijikaza, akatueleza taratibu. Pini ikiingia njia ya chakula ni jambo moja. Ikiingia njia ya hewa, ikafika mapafuni, ni jambo lingine kabisa. Kote kuwili inaweza kutoboa, ila inafuatwa kwa njia tofauti, na ukipita njia isiyo yake huikuti. "Kwa hiyo kwanza tujue iko wapi," akasema. "Apige picha."

Neno hilo lilinipa nafuu. Kwetu picha ni kitu cha Idi, cha kusimama karibu karibu na kutabasamu. Nikamwambia mamdogo, "Utoke vizuri, mama." Akanifinya.

Wakampa gauni la hospitali, lile la kufungwa mgongoni kwa kamba. Kamba ya juu ilikuwa imekatika. Tukawekwa kwenye korido, yeye kwenye kiti cha magurudumu, mimi nyuma yake, na watu wanapita: wanaume, vijana, mzee na mkongojo wake. Mgongo wa mamdogo ulikuwa wazi. Huyu ni mtu ambaye fundi umeme akibisha hodi, lazima kwanza ajitande ndipo afungue. Alijibana tu kwenye kiti asitikisike, mikono ameikunja mapajani kama mwanafunzi. Roho iliniuma. Nikachomoa pini moja kwenye mtandio wangu, nikazikutanisha pande mbili za gauni, nikabana pale kati ya mabega.

"Ahsante mwanangu," akasema kwa sauti ndogo.

Niliona kuwa nimefanya jambo la maana kuliko yote ya siku ile.

Mpiga picha akatoka, akamuuliza maswali yake haraka haraka: cheni, hereni, sidiria, chochote cha chuma? Mamdogo akasema amevua vyote. Akaingizwa, mlango mzito ukafungwa, mimi nikabaki na viatu vyake mkononi.

Haikuchukua muda. Daktari kijana akaifungua picha kwenye kompyuta yake, akanigeuzia nione. Kwanza niliona mbavu. Halafu nikaona, katikati kabisa ya kifua, mstari mweupe mwembamba unaong'aa. Sikuhitaji kuonyeshwa. Hata jirani yetu wa masufuria angeuona.

"Hiyo hapo," akasema. "Iko usawa wa njia ya chakula. Wataingiza kamera kupitia kooni, waivute. Ila kwa sababu ya zile ndizi, tusubiri tumbo liwe tupu. Tuseme saa kumi. Picha nimeituma kwa daktari bingwa wa kusoma picha, naye aiangalie."

Mamdogo akanitazama kwa ushindi. "Si nilikwambia imeshuka?"

Tukasubiri. Yeye alisinzia, mimi nikawa najipangia maisha. Nikajiona nimekuwa nesi, nimevaa nyeupe, napita korido ileile, watu wananiita sista. Nikajiona nimekuwa daktari, nikakumbuka alama zangu za baolojia, nikarudi kwenye unesi. Kila baada ya muda mamdogo alikohoa usingizini, kile kikavu kimoja, mimi natazama saa.

Saa nane na kitu sauti ikaita, "Ndugu wa mama wa pini! Anatakiwa chumba cha kusomea picha."

Nilienda nikikaza mwendo. Mtu haitwi kuambiwa kwamba kila kitu kiko sawa.

Chumba kilikuwa giza. Nje jua kali la Dar linachoma mabati, mle ndani giza na baridi ya kiyoyozi, na skrini mbili kubwa ndizo zenye mwanga. Mbele yake alikaa mama mmoja mdogo wa umbo, amevaa sweta juu ya koti la udaktari, miwani ameipandisha kichwani. Kwenye skrini alikuwepo mamdogo, yaani mbavu zake. Daktari huyu hakuwahi kumwona mamdogo hata kwa mbali. Hakujua sura yake, wala sauti yake, wala kwamba anapenda ndizi.

"Shikamoo daktari."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyekuja na mama wa pini?"

"Ndiyo."

"Sogea. Nina swali moja na hakuna atakayekugombeza. Wakati anapigwa picha, gauni lake lilikuwa limebanwa na kitu?"

Nilitaka kusema hapana. Neno lilishafika mdomoni. Mkono wangu ndio uliotangulia kwenda kichwani, ukagusa mahali ambapo pini ya mtandio haikuwepo.

"Nilimbana mimi," nikasema. "Mgongoni. Kamba ilikuwa imekatika, watu wanapita, nikaona... Daktari, mimi ndiye niliyemchekesha akaimeza. Na tena mimi ndiye niliyewapoteza."

Nikaanza kulia palepale, kijinga, bila hata kitambaa.

"Ulimsitiri mama yako," akasema, wala hakugeuka kunitazama, na hilo lilinisaidia. "Futa machozi uone. Hii inayong'aa ni ya kwako."

Nikaiangalia. Ile pini ambayo wote tuliiamini.

"Umejuaje?" nikamuuliza.

"Ilikuwa kali mno. Mama yako alipigwa amekaa, mgongo umeegemea bamba la kupigia picha, na kitu kilicho karibu na bamba hutoka kikali. Kilicho ndani ya kifua hakitulii hivyo. Pumzi inakisogeza, moyo unakigonga. Hii nilipoitazama nikasema, mbona hii haipumui naye?"

Haipumui naye. Nilisimama pale kama mtu aliyesomewa barua ya siri. Nimeishi na mamdogo miaka, nalala naye chumba kimoja, nasikia pumzi zake usiku kucha, na huyu mtu asiyemjua alijua kitu gani kinapumua naye na kitu gani hakipumui, kwa kutazama kivuli.

"Sasa," akasema, "ukishaipata moja jicho linataka kupumzika. Na mimi lilitaka kupumzika. Nikaanza upya kama vile sijaona kitu." Akaweka kiganja chake kwenye skrini, akaifunika ile inayong'aa. "Tazama hapa. Hiki kivuli kikubwa kinachoelemea kushoto ni moyo wake."

Moyo wake. Ule uliokubali kunichukua na matokeo yangu. Ulikuwa mkubwa kuliko nilivyodhani, umelala upande kama mtu aliyejiegemeza.

"Nyuma ya moyo, chini. Fuata kidole changu."

Sikuona kitu. Niliona kijivu juu ya kijivu. Nikakodoa macho, nikainama, nikaona aibu, nikataka kudanganya kwamba nimeona. Hakunihimiza. Alishika kidole chake palepale, akasubiri. Ndipo ikatokea, hafifu, nyembamba kama unywele uliodondokea kwenye karatasi, kingo zake zimefifia kidogo. Ikitazamwa ilikuwepo, nikipepesa macho inapotea.

"Hiyo?" nikanong'ona, sijui kwa nini ninong'one.

"Nadhani ni hiyo. Haiko njia ya chakula. Iko pafu la kushoto."

Akavuta simu ya mezani. Nilisikia upande wake tu. "Mgonjwa wako wa pini ameshaondoka?... Vizuri, mzuie. Pini uliyoiona iko kwenye gauni... Gauni. Nguo... Usicheke, hata mimi kidogo niandike hivyohivyo. Ya kwake iko kwenye njia ya hewa, kushoto, nyuma ya moyo. Mrudieni kumpiga picha, ya mbele na ya ubavu, gauni lifungwe kwa kamba. Ngoja nimuulize huyu binti kama kuna nyingine kaichomeka mahali." Akanigeukia. "Ipo?"

"Hapana daktari. Wallahi."

"Hakuna nyingine," akasema kwenye simu, akakata.

Akaniruhusu nisubiri mle ndani, nimesimama ukutani. Ndipo nikaelewa kile ambacho hakukisema. Saa kumi wangeingiza kamera njia ya chakula. Wangetafuta, wasingekuta kitu, wangesema imeshuka zaidi, itatoka yenyewe. Tungemshukuru kila mtu. Tungerudi nyumbani, mamdogo akaendelea kukohoa kikavu chake kimoja kimoja, jirani akaleta ndizi nyingine, na pini ingebaki nyuma ya moyo wake ikifanya ilichotaka. Wakati najipangia unesi kule kwenye benchi, huyu mama wa sweta alikuwa hapa gizani anaikataa pini ambayo kila mtu ameikubali.

Picha mpya zikaingia. Katika ile ya mbele, mstari unaong'aa haukuwepo, umetoweka kama haujawahi kuwepo, na kile kijinywele kilikuwa palepale. Katika ile ya ubavu pini ilijionyesha bila ubishi, imesimama ndani ya pafu, kichwa chini, ncha juu.

Daktari alivuta pumzi, akaishusha miwani machoni, akaanza kuandika. Hakushangilia. Mimi ndiye niliyepiga makofi mara moja, pa, halafu nikaona aibu.

"Nenda kakae na mama," akasema. "Umwambie asiongee sana, na asicheke kabisa."

Kumwambia mamdogo asicheke! Nilipomsimulia habari ya gauni alijiziba mdomo kwa mikono miwili, macho yakamtoka, akatikisika kimya kimya, mimi namsihi, "Mama tafadhali, tafadhali." Halafu ghafla akaacha. Akanishika mkono. "Nyuma ya moyo?"

"Nyuma ya moyo, mama."

"Na ameiona?"

"Ameiona."

Akavuta shuka mpaka kifuani. "Basi na mengine ameyaona," akasema.

Saa kumi na nusu walimlaza usingizi, wakaingiza kamera kwa njia ya hewa, upande wa kushoto, moja kwa moja walikoelekezwa. Nilisubiri nje na viatu vyake. Nilisema dua zote ninazozijua na nyingine nikazitunga. Kabla jua halijazama yule daktari kijana akatoka na kichupa kidogo mkononi, anakitikisa, ndani pini inagonga kioo. Alikuwa anatabasamu mpaka fizi. "Ilikuwa palepale," akasema. "Palepale alipoandika." Alilisema mara mbili, kama mtu ambaye naye haamini vizuri. Nikaona kuwa sikuwa peke yangu niliyeshangaa, hata waliosoma wanashangaa.

Kesho yake asubuhi mamdogo alikuwa amekaa kitandani, sauti imekwaruza, anamfundisha mgonjwa wa kitanda cha pili jinsi ya kufunga mtandio bila pini. Watu wa wodini walipongezwa na kila aliyekuja kumwona. Daktari kijana alipewa baraka na shangazi wawili. Jirani wa masufuria alileta uji, akasimama mbele ya yule daktari, akasema ndizi nazo zilisaidia, maana bila ndizi wangemwahisha kwenye kamera kabla picha haijasomwa.

Hakuna aliyemtaja yule wa gizani. Wengi hawakujua kama yupo. Nikasema nitaenda mimi. Njiani kwenye korido nikapanga maneno yangu, nikayapunguza, nikayaongeza. Nilitaka kumwambia kwamba mamdogo amelala vizuri na hakohoi. Nilitaka kumwambia kwamba usiku nilimsikiliza akipumua mpaka usingizi ukanichukua.

Mlango wa chumba chake haukuwa umefungwa vizuri. Nikachungulia. Alikuwa na sweta lilelile, amenipa mgongo, ameinamia skrini. Mbavu zilizokuwa pale hazikuwa za mamdogo. Zilikuwa ndogo sana, za mtoto. Kidole chake kilikuwa kinatembea juu ya kioo polepole, kinasimama, kinarudi nyuma, kinaanza tena. Mwanga wa korido ulikuwa umepenya kwenye ule upenyo, umechora mstari mweupe sakafuni mpaka kwenye skrini, umekatiza juu ya kifua cha yule mtoto.

Maneno yangu nikayameza. Nikashika kitasa kwa mikono miwili kisitoe sauti, nikauvuta mlango taratibu, mpaka ule mstari ukaisha.